Habari za Chariclea, Kipepeo wa Nchi ya Baridi Kuu

MASOMO YA REDIO KWA WATU WAZIMA: HISTORIA YA MAARIFA
(Limepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji)

 

Wengi wetu tukisikia neno historia hufikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Leo tutaisoma historia ya mdudu. Mdudu mwenyewe ni kipepeo mdogo, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hazizidi sana upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Naye haishi katika nchi zetu; huishi kaskazini kabisa mwa dunia, mahali ambapo mtu asingedhani kwamba kipepeo angeweza kuishi hata siku moja.

Labda mwenzetu atauliza, "Kipepeo wa nchi za watu atatufaa nini sisi?" Naomba anivumilie kidogo. Habari za kipepeo huyu zimechanganyika na jina la binti mfalme wa Afrika, na misiba ya mabaharia waliojiona kuwa hodari, na pia habari ya joto linaloongezeka duniani, ambalo halichagui nchi.

Nchi yenyewe

Kwanza tuijue nchi anamoishi. Wataalamu huiita tundra. Ni nchi isiyo na miti mirefu, iliyoizunguka bahari ya barafu upande wa kaskazini: sehemu za Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi, kisha Alaska katika Marekani, Kanada, na kisiwa kikubwa cha Greenland. Ukichimba ardhi yake, hata wakati wa kiangazi, baada ya kina kidogo tu utakuta udongo umeganda kama jiwe, nao haukuyeyuka kwa miaka mingi sana. Mizizi haiwezi kupenya. Kwa hiyo mimea hutambaa chini. Uko mti mmoja uitwao Salix ambao ni mti kweli, wenye shina na matawi, lakini mtu huweza kuuruka bila kunyanyua mguu juu sana.

Ili kuelewa majira ya huko, chukueni chungwa, mlichome kijiti katikati, mlishike mbele ya taa huku kijiti kimeinama kidogo. Chungwa ni dunia, na taa ni jua. Ncha ya juu ikiinamia taa, mtazungusha chungwa mpaka mchoke na ncha ile haitaingia gizani. Likipelekwa chungwa upande wa pili wa taa, kijiti kikiinama vile vile, ncha ile haitapata mwanga hata kidogo. Ndivyo ilivyo katika nchi hiyo. Wakati wa kiangazi jua halituwi kwa wiki nyingi, na wakati wa baridi halichomozi. Mahali ambapo tutapataja leo, pwani ya kisiwa cha Ellesmere katika Kanada, giza huchukua zaidi ya miezi minne.

Tena tukumbuke namna ya kuhesabu umbali kutoka Ikweta. Ikweta ni digrii 0, na Ncha ya Kaskazini ni digrii 90. Nairobi ipo karibu sana na Ikweta, imepita digrii 1 tu upande wa kusini. Kipepeo wetu ameonekana kupita digrii 81 za kaskazini, ambako haibaki hata kilomita 1,000 kufika ncha yenyewe.

Maisha yake

Kipepeo huyu rangi yake ni ya machungwa iliyokolea, yenye mistari na madoa meusi. Chini ya mbawa za nyuma ana rangi nyekundu ya kahawia, na mstari wa madoa meupe. Huruka katikati ya kiangazi, kati ya mwisho wa Juni na Agosti.

Vipepeo wa nchi zetu wengi huweza kumaliza maisha yote, kutoka yai mpaka kufa, katika miezi michache, na kwa mwaka mmoja vizazi kadhaa hupita. Huyu kiangazi kimoja hakimtoshi. Yai huanguliwa, kiwavi hutoka akiwa mdogo mno, na baridi humkuta katika hali hiyo. Hulala majira yote ya baridi chini ya theluji. Mwaka wa pili huamka, hula majani, hukua, na baridi humkuta tena akiwa bado kiwavi. Hulala mara ya pili. Mwaka unaofuata ndipo humaliza kukua, hugeuka kuwa bundo, na hatimaye hutoka na mbawa. Basi, miaka miwili ya kungoja, kwa ajili ya siku chache za kuruka, kuoana na kutaga mayai.

Wadudu wa huko hawafi kwa baridi kwa sababu miili yao hujitayarisha. Wengi hutengeneza ndani ya damu yao kitu kama gliserini, dawa ile ile nzito na tamu inayotiwa katika mafuta ya kupaka ngozi, nacho huzuia barafu isiwapasue. Theluji nayo huwafunika kama blanketi. Juu yake upepo huua, chini yake kuna utulivu.

Naye akiisha kupata mbawa, hawezi kuruka mpaka misuli yake ipate joto, wala mwili wake hautengenezi joto la kutosha. Kwa hiyo huota jua. Hutua juu ya jiwe au udongo mkavu, hujilaza karibu na ardhi mahali pasipo upepo, na kuzikunjua mbawa zake kulielekea jua. Katika miaka ya 1960, wataalamu Peter Kevan na Joseph Shorthouse walichunguza jambo hili kwenye Ziwa Hazen, katika kisiwa kile cha Ellesmere, wakatoa habari zake mwaka 1970. Waliona kwamba vipepeo wa huko, kwa kujua tu namna ya kukaa juani, hupata joto lililozidi sana lile la hewa inayowazunguka. Wingu likipita, wote hutua. Mwaka 1975 Kevan alieleza tena kwamba maua fulani ya nchi hiyo, kama ua jeupe la Dryas, huligeukia jua mchana kutwa, na ndani ya kikombe cha ua huwa na joto kuliko nje. Mdudu akiingia humo hupata chakula na moto pamoja.

Jina lake

Sasa tuingie katika historia. Wenyeji wa nchi hizo, Wasami wa kaskazini ya Ulaya na Wainuit wa Greenland na Kanada, waliwajua vipepeo zamani kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Katika lugha ya Greenland kipepeo huitwa pakkaluaq. Lakini katika vitabu vya sayansi jina la kipepeo huyu liliandikwa mwaka 1794, na Mjerumani aitwaye Schneider. Alimwita Chariclea, na leo jina lake kamili la kisayansi ni Boloria chariclea.

Jina hilo Chariclea halikuzuka hewani. Ni jina la msichana katika hadithi ya Kiyunani ya kale, iliyotungwa na Heliodorus, mtu wa Emesa katika Siria, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hadithi hiyo huitwa Habari za Ethiopia. Ethiopia ya Wayunani ilikuwa nchi ya watu weusi iliyoko kusini ya Misri, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Meroe, katika Sudan ya leo. Chariclea alikuwa binti wa mfalme na malkia wa huko. Alizaliwa mweupe, na mama yake, akiogopa kushtakiwa uzinzi, alimtoa mtoto apelekwe mbali, pamoja na kitambaa kilichoandikwa habari zake. Akalelewa Uyunani, asijue kwao. Baada ya taabu nyingi alirudi Meroe akiwa mateka, karibu achinjwe kuwa sadaka, ndipo alipotambuliwa kwa kitambaa kile na kwa alama nyeusi iliyokuwa mkononi mwake.

Hadithi hiyo ni ya kubuni, lakini tazameni ajabu yake: jina la binti wa Afrika limekwenda kukaa juu ya mbawa za kipepeo wa barafu. Wala si jina tu. Katika ukoo mkubwa wa Chariclea wako vipepeo wa Afrika Mashariki. Mmoja wao ni Issoria hanningtoni, anayeishi katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, naye pia ana rangi ya machungwa na madoa meusi. Huyu wa kwetu amechagua mahali penye ubaridi wa milima, na yule ubaridi wa kaskazini.

Mabaharia na kiseyeye

Mwaka 1875 serikali ya Uingereza ilipeleka merikebu mbili, Alert na Discovery, chini ya amri ya George Nares, zijaribu kufika Ncha ya Kaskazini. Merikebu zilikwenda mbali sana kaskazini. Discovery ilikaa majira ya baridi katika bandari moja ya Ellesmere, na Alert ikapita kaskazini zaidi, mpaka digrii 82. Walichukua wataalamu wawili wa viumbe, Kapteni Henry Feilden na Henry Hart, kila mmoja katika merikebu yake.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1876 mabaharia walivuta magari ya kuteleza juu ya barafu kwa nguvu za mikono na vifua. Kundi la Albert Markham lilipita digrii 83, mbali kuliko mtu yeyote anayejulikana kabla yake. Lakini kiseyeye kiliwashika: ufizi ukavimba na kutoka damu, magoti yakakataa kunyooka, na watu waliotoka wakivuta mizigo walirudi wakivutwa kama mizigo. Baadhi yao walikufa. Walikuwa na maji ya ndimu ya kuzuia ugonjwa huo, lakini yale waliyopewa yalikuwa na vitamini chache mno, na makundi mengine hayakuyachukua safarini kabisa. Wainuit hawakuugua hivyo, kwa sababu walikula nyama mbichi na ngozi ya nyangumi, ambamo vitamini hiyo haijaharibiwa na moto.

Katika merikebu ya Discovery alikuwamo Mwinuit mmoja wa Greenland, Hans Hendrik. Yeye aliwinda sili na kuendesha mbwa, na kwa kazi yake alisaidia kuokoa kundi moja la wagonjwa lililokuwa karibu kufa. Baadaye aliandika habari za maisha yake kwa lugha yake mwenyewe, nazo zikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1878. Ni vema kumkumbuka, kwa maana mara nyingi vitabu vya safari hutaja waliotoa amri na kuwasahau waliojua njia.

Barafu ilipoyeyuka, Feilden na Hart walitembea pwani wakikusanya mimea na wadudu. Hapo, katika nchi iliyowashinda mabaharia, walikamata vipepeo. Wadudu wao walichunguzwa Uingereza na Robert McLachlan, aliyetoa taarifa yake mwaka 1878. Chariclea alikuwa miongoni mwao. Kipepeo mwingine mwekundu alipewa jina la Feilden mwenyewe. Wataalamu wa siku hizo walistaajabu. Walikuwa wamefikiri kwamba kadiri mtu anavyokwenda kaskazini, uhai hupungua mpaka kwisha. Kumbe ulikuwapo, umejificha chini ya theluji ukingoja wiki zake chache.

Mwaka 1881 Wamarekani walijenga nyumba katika bandari ile ile ya Discovery, chini ya Adolphus Greely, ili kupima hewa na majira katika mpango wa mataifa mengi. Watu wote walikuwa 25, wakiwamo Wainuit wawili, Jens Edward na Frederik Christiansen. Merikebu ya kuwaletea chakula haikufika mwaka 1882, na ile ya 1883 ilivunjwa na barafu. Wakaondoka kwenda kusini, wakakaa Cape Sabine, wakafa mmoja mmoja kwa njaa na baridi. Jens alikufa maji akiwafuatia wenzake sili. Mmoja alipigwa risasi kwa amri ya mkuu wake kwa kosa la kuiba chakula. Waokozi walipofika Juni 1884 waliwakuta saba wako hai, na mmoja wa hao akafa baadaye. Walirudi sita.

Sisemi haya ili kuwacheka. Vipimo vyao vya hewa vilitunzwa, navyo vinatumiwa na wataalamu hata leo. Nataka tupime tu tofauti. Mwanadamu aliingia nchi ile na chakula cha kwao, nguo za kwao na haraka ya kwao, na msaada ulipokatika akaanguka. Kiwavi hana akiba ila ile aliyoikusanya mwilini, wala hana haraka. Mwaka ukiwa mbaya, hulala.

Hatari mpya

Mtu aliyesikiliza mpaka hapa atadhani kwamba kipepeo huyu hana la kuogopa tena. Akiwa ameshinda baridi, ni nini kitakachomshinda? Jibu lake lilianza kupatikana mahali paitwapo Zackenberg, kaskazini mashariki ya Greenland, kwenye digrii 74. Huko Denmark iliweka kituo cha uchunguzi katika miaka ya 1990. Kila kiangazi mitego midogo ya wadudu hutegwa ardhini mahali pale pale, kwa namna ile ile, na kila anayenaswa huhesabiwa na kuhifadhiwa. Ni kazi isiyo na sifa nyingi. Mwaka wa kwanza haikuonyesha kitu. Wala mwaka wa pili. Faida yake ilikuwa katika kutokuacha.

Hatimaye wataalamu, akiwamo Joseph Bowden na Toke Høye, walichukua vipepeo karibu 4,500 walionaswa kati ya mwaka 1996 na 2013, wakapima urefu wa mbawa zao. Walikuwa wa aina mbili, Chariclea na mwenzake wa rangi ya manjano aitwaye Colias hecla. Mwaka 2015 walitangaza walichokiona. Kiangazi alichokulia kiwavi kikiwa na joto zaidi, kipepeo aliyetoka alikuwa na mbawa fupi. Na kwa kuwa viangazi vilikuwa vikizidi joto, aina zote mbili zilikuwa zikipungua mwili.

Jambo hili lataka kufikiriwa. Mtu angesema joto na kiangazi kirefu vingempa kiwavi nafasi ya kula zaidi, akanenepa. Na kweli, katika bonde lile lile, buibui mmoja wa ardhini alionekana kuwa mkubwa zaidi katika miaka ambayo theluji iliyeyuka mapema. Lakini kiwavi si buibui. Mwili wa mdudu huenda kwa joto la nje: joto likizidi, mwili hufanya kazi upesi na kutumia chakula kingi. Wataalamu waliona kwamba kiwavi wa nchi hiyo hutumia zaidi ya anachoongeza. Ni kama mtu aliyepandishwa mshahara kidogo huku kodi ya nyumba na bei ya unga vikipanda zaidi. Fedha inayopita mkononi ni nyingi, lakini mwisho wa mwezi akiba ni ndogo.

Na udogo huo si jambo la sura tu. Jike mdogo hutaga mayai machache, na mwenye mbawa fupi haendi mbali kutafuta mahali pengine. Chakula nacho kina mashaka yake. Mwaka 2013 Høye na wenzake walionyesha kwamba huko Zackenberg majira ya maua yalikuwa yamefupika, na kwamba nzi wanaoyatembelea maua walikuwa wamepungua.

Kwa nini mabadiliko haya yaonekane huko kuliko kwetu? Kwa sababu tangu mwaka 1979 nchi za kaskazini zimepata joto karibu mara nne kuliko dunia kwa jumla. Theluji na barafu ni nyeupe, hurudisha mwanga wa jua kama kioo. Zikiyeyuka, bahari na udongo mweusi hubaki wazi, hunywa joto, na kuyeyusha nyingine. Moshi unaoongeza joto hilo hautoki tundra. Hutoka katika viwanda, magari na mitambo ya nchi nyingine, ambazo kipepeo huyu hatazifikia kamwe.

Tena hana pa kukimbilia. Mnyama wa milimani joto likizidi huweza kupanda juu kidogo. Wa nchi tambarare huweza kusogea kaskazini. Lakini aliyekwisha kufika ukingoni mwa nchi kavu, mbele yake ni bahari.

Ndugu wasikilizaji, habari hizi zimekusanywa kwa muda wa zaidi ya miaka 200, na watu ambao wengi wao hawakujuana. Mmoja alimpa kipepeo jina, mwingine akaonyesha anakoishi, mwingine jinsi anavyoota jua, na wengine wakapima mbawa zake mwaka hata mwaka. Laiti wadudu wa Feilden na Hart wasingehifadhiwa, na mitego ya Zackenberg isingetegwa mahali pale pale, kipepeo huyu angeweza kupungua mpaka akaisha bila mtu kujua. Nasi katika mashamba yetu tunayo mengi ya kuandika: siku mvua ilipoanza, siku mkulima alipopanda, siku nyuki walipohama. Daftari moja la mwaka mmoja ni karatasi tu. Madaftari ya miaka ishirini ni ushahidi.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Tundra: nchi ya baridi isiyo na miti mirefu, yenye ardhi iliyoganda chini.
Bundo: hali ya mdudu aliyefungika, kati ya kiwavi na kipepeo.
Kiseyeye: ugonjwa wa ufizi na viungo unaotokana na kukosa vitamini ya matunda na vyakula vibichi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Kwa nini Chariclea huhitaji miaka miwili kumaliza maisha yake?
2. Hans Hendrik alijua nini ambacho mabaharia hawakukijua? Je, katika wilaya yenu wako watu wenye maarifa kama hayo ambayo hayajaandikwa?
3. Elezeni kwa maneno yenu jinsi joto linavyoweza kumfanya kiwavi awe mdogo badala ya mkubwa.
4. Ni mabadiliko gani ya majira ambayo wazee wa kwenu huyataja? Kikundi chenu kingeweza kuyaandika namna gani ili baada ya miaka mingi yaaminike?